Kanga ya sare kwa umoja wa wanachuo wa kike: Mtwara zinapatikana nzuri, ila anzeni na jina

Umoja wa wanafunzi wa kike unaotafuta vazi la kuwatambulisha uiache fulana ya kuchapisha, uende madukani Mtwara mjini kutafuta doti za kanga, yaani jozi za vipande viwili. Maandishi ya fulana huanza kubanduka baada ya kufuliwa mara kadhaa. Maneno ya kanga yamo ndani ya kitambaa chenyewe. Fulana ya chuo huishia kuwa nguo ya kulalia, lakini kanga humfuata mwenyewe harusini, msibani na hadi kubebea mtoto. Zaidi ya yote, kanga ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Mama wa Mikindani akipishana na wasichana kumi waliojifunga kanga moja atasoma jina kwanza, rangi baadaye.

Hapo ndipo vikundi vingi vinapoteleza. Wanachama hufika dukani wakibishania waridi na bluu, na hakuna anayeweza kusema umoja wao unasimamia nini.

Jumuiya za wanachuo wa kike za Marekani, zinazoitwa sororiti, zililipitia jambo hili zamani. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa tarehe 15 Januari 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kwa wazo la Ethel Hedgeman. Ni sororiti ya kwanza ya wanawake Weusi. Rangi zake ni waridi na kijani, na kaulimbiu yake kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Kwa utamaduni na kwa ustahili". Mwaka 1912 wanachama 22 waliokuwa bado masomoni walitaka kubadili jina, rangi na mwelekeo. Nellie Quander, aliyekuwa amekwisha kuhitimu, alikataa na kuisajili jumuiya kisheria Januari 1913. Wale 22 wakaanzisha Delta Sigma Theta tarehe 13 mwezi huohuo, kwa rangi nyekundu na maziwa na kaulimbiu ya akili kuwa mwenge wa hekima. Tarehe 3 Machi 1913, hata miezi miwili haijatimia, walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya kudai haki ya wanawake kupiga kura. Nao Alpha Kappa Alpha, kuanzia 1935 hadi 1942, walipeleka madaktari na wauguzi wa kujitolea Mississippi kila kiangazi. Wenye mashamba walipowazuia wafanyakazi kwenda kliniki, chanjo zilipakiwa kwenye magari zikawafuata shambani. Rangi za jumuiya hizi zinaheshimiwa kwa sababu ya kazi ya namna hiyo.

Basi kaeni kwanza, mwandike kwa sentensi moja mnachosimamia, ndipo mtafute jina linalofanana nacho. Kuchapisha kanga yenu wenyewe kiwandani kunahitaji oda kubwa mno kwa kikundi cha watu 30, kwa hiyo mtachagua katika zilizopo. "Elimu haina mwisho" au "Wema hauozi" yanafaa. Majina ya mafumbo na vijembe yaacheni hata rangi ikipendeza namna gani, kwani huku Kusini mtu ataulizwa anamsema nani.

Dukani, ombeni doti zote zitoke mzigo mmoja. Mzigo mwingine wa kanga ileile huweza kuwa na rangi iliyofifia au iliyokolea zaidi, na tofauti hiyo haifichiki watu wakipanga mstari kwa picha. Mkinunua kwa korja, yaani 20, ulizeni wazi kama zinahesabiwa doti au vipande. Kati ya Oktoba na Desemba, fedha za korosho zikiwa mtaani, kupata doti 30 zinazolingana ni kazi, nunueni kabla.

Kagueni kila doti. Kanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110. Ikunjeni katikati, pande mbili fupi zikutane: mkunjo ukipita pembeni mwa jina badala ya katikati, kanga imechapwa upande na itaonekana imepinda mwilini. Sugueni pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa, mara 20 hivi. Nyekundu iliyoiva na nyeusi ndizo huchuja zaidi, na zikiwa kwenye mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, wa rangi ya maziwa, fuo la kwanza litaacha madoa. Chomoeni uzi mmoja mkauchome: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, wakati nailoni na polista huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kanga ya aina hiyo haivuti jasho, na kwa joto la Mtwara ni adhabu. Ugumu wa kanga mpya usiwadanganye pia. Mara nyingi ni wanga tu. Fikicheni pembe hadi ilainike kisha itazameni kwenye mwanga; ikionekana kama chandarua, iacheni.

Kwa fundi, kazi ni ndogo lakini huharibika kirahisi. Pande ndefu hazifumuki. Zinazopindwa ni pande fupi, nne kwa doti. Kila upande ni sentimita 110, hivyo doti 30 ni mita 132 za kupinda. Mpeni fundi wiki nzima. Apinde nusu sentimita mara mbili. Akizidisha, pindo la kushoto na la kulia litakuwa jembamba kuliko la juu na la chini. Mkitaka kudarizi jina la umoja pembeni, lazima aweke kitambaa kigumu nyuma, la sivyo kanga itajikunyata kuzunguka herufi. Wanaotaka gauni wafue kanga kwanza, kwa kuwa pamba hurudi.

Fueni kwa maji baridi, kila kanga peke yake mara ya kwanza, na muanike kivulini. Msimu wa mvua msikunje kanga yenye unyevu hata kidogo. Hewa ya bahari huleta ukungu, na vidoa vyake vyeusi havitoki.

Ongezeni doti tano juu ya idadi yenu, mziweke bila kukata. Wanachama wa mwaka ujao watakuja, na kanga hiyo huenda isiwepo tena dukani.