Uzoefu wangu na seti ya feji lambda gt11: kusaka jeni za kupe

Wadau wa maabara, hii ni kwa yeyote anaefikiria kununua seti ya vekta (vibebeo vya jeni) za lambda gt11, maana ukitafuta utakuta maelezo ya wauzaji tu, hakuna anaekuambia ukishaifungua Morogoro na umeme wetu huu hali inakuaje. Mimi nimeitumia kutengeneza maktaba ya cDNA, yaani mkusanyiko wa nakala za DNA za jeni zinazofanya kazi, ya tezi za mate za kupe wa masikio, huyu Rhipicephalus appendiculatus anaesambaza ndigana kali, alafu maktaba yote nikaipitisha kwenye seramu (maji ya damu yenye kingamwili) ya ng'ombe waliong'atwa sana na kupe ili nione ng'ombe mwenyewe anazitambua protini zipi. Kwa kazi ya namna hiyo naipa nyota 4 kati ya 5. Kama jeni yako unaijua tayari usipoteze hela, ntaeleza huko mbele.

Kwa asiejua, feji ni kirusi kinachoshambulia bakteria. Lambda, mojawapo ya feji hizo, ina DNA ya jozi za herufi 48,502 na sehemu kubwa ya katikati haiihitaji kabisa kama kazi yake ni kuzaliana na kupasua bakteria tu, kwaio watu walipunguza humo wakapata nafasi ya kuchomeka jeni za viumbe wengine. Ila nafasi ina mipaka, kichwa cha kirusi kinataka DNA isipungue asilimia 78 wala isizidi 105 ya urefu wa asili, nje ya hapo hupati kirusi kinachoambukiza. Hii gt11 ya Young na Davis wa Stanford, ilitoka 1983, inabeba kipande cha mpaka jozi kama 7,000, na unakiingiza mwishoni mwa jeni ya bakteria iitwayo lacZ, so protini yako inatoka imeshikana na beta-galaktosidesi, kimeng'enya cha jeni hiyo. Na uzuri mwingine, kwenye plazmidi (duara dogo la DNA la bakteria) unabembeleza bakteria ipokee DNA na nyingi hazipokei, wakati feji inajidungia yenyewe, ndo maana ukiwa na cDNA kidogo ya kupe wadogo uliowapasua chini ya hadubini mpaka macho yanauma, hutaki hata tone lipotee.

Sasa kwenye boksi unapata mikono miwili ya vekta (vipande viwili vya DNA ya lambda, chako kinaingia katikati) iliyokatwa tayari, DNA ya kujaribia, bakteria za E. coli aina ya Y1090, na zile tyubu ndogo za dondoo la kufungashia, yaani mchanganyiko wa protini za lambda zinazojenga kichwa na mkia wenyewe ndani ya tyubu ukiweka DNA yako. Hizi tyubu ndo roho ya seti na ndo zitakazokutoa machozi. Zinakaa hasi 80, zikiyeyuka kimekwisha, na kuzigandisha tena hakusaidii. Mzigo wetu wa kwanza ulikwama uwanja wa ndege Dar sababu wakala hakuambatanisha kibali, siku tunaupokea barafu kavu imeisha kwenye boksi na wakala anatuambia "bado ya baridi kabisa". Fundi wetu mkuu akaniambia, "Mdogo wangu, usiguse cDNA yako, jaribu kwanza na DNA yao." Nikajaribu, sahani karibu tupu. Tukavutana na wakala mpaka akaleta nyingine, na hiyo iliyofika na barafu yake ilifanya kazi vizuri sana, plaki (vitobo feji ilipopasua bakteria) zimejaa sahani nzima.

Matumizi yenyewe siyo magumu. Bakteria unazikuza kwenye maltosi na magnesiamu, maana lambda inaingilia kwenye mlango uleule wa maltosi, bila maltosi milango inakua michache. Unachanganya na feji, unamwaga kwenye agarosi laini juu ya sahani, unaweka nyuzi 42 mpaka plaki zianze kuonekana, vitobo vidogo visafi kwenye ukungu wa bakteria, ukiinua sahani kwenye taa unaona mwanga unapita. Hapo unalaza karatasi ya nitroselulosi iliyolowekwa IPTG (kemikali inayowasha jeni ya lacZ) na kukaushwa, unahamia 37, protini zinatengenezwa na kunasa kwenye karatasi. Y1090 haina kile kimeng'enya cha lon kinachokata protini ngeni, hapo sifa ziende kwa waliobuni. Alafu karatasi inaingia kwenye seramu, na plaki yenye protini inayotambulika inaacha alama ya duara.

Kitu ambacho kijitabu kinakigusa kwa sentensi moja wakati kilistahili ukurasa mzima: seramu ya ng'ombe imejaa kingamwili za E. coli! Mnyama anaishi na hao bakteria tumboni maisha yake yote, unategemea nini? Usipoiloweka seramu kwanza na E. coli waliopasuliwa, ikamaliza hasira zake huko, karatasi nzima inakua ya zambarau na huoni kitu. Ukishafanya hivyo, zile alama chache zinazobaki zinaonekana kama wino uliodondoka.

Njia hii siyo ya kubahatisha kabisa. Kule Melbourne mwaka 1983 walitumia ndugu yake gt11 kutafuta antijeni (protini zinazotambuliwa na kingamwili) za malaria, maktaba ya Plasmodium falciparum ikapimwa na seramu za watu wa Papua New Guinea waliokua na kinga. Wazo ni lilelile, mwache aliyeumwa akuonyeshe.

Nyota niliyoikata inahusu mambo haya. Kipande kinaweza kuingia kwa mwelekeo wowote na fremu yoyote (mahali herufi zinapoanza kusomwa tatu tatu), kwaio kwa wastani kimoja tu kati ya sita ndo kinasomeka sawasawa, inabidi upime plaki nyingi. Bakteria haiweki sukari kwenye protini kama kupe anavyoweka, so kama kingamwili zinashika sukari au umbo lililokunjwa vizuri, hiyo jeni utaipita bila kuiona. Na kuvuna DNA ya lambda ili uhamishie plazmidi ni kazi ya kuchosha, kwa hilo bora ile aina ya ZAP ambayo feji uzi (feji mwembamba kama uzi, anayeongezwa kusaidia) anakutolea plazmidi kutoka ndani ya lambda bila kukata wala kuunganisha.

Alafu majirani. Feji ikizagaa maabara, wenzako wanaokuza bakteria kwa ajili ya plazmidi watakuta chupa za asubuhi zimekua maji tupu. Weka pipeti zako pembeni, tumia ncha zenye kichujio, futa meza kwa jiki iliyochanganywa na maji, na sahani za zamani ziende otoklevu siku hiyohiyo.

Kama jeni unaijua, agiza itengenezwe au ivute kwa PCR (kunakili DNA kwa mashine), weka kwenye plazmidi ya pET na bakteria BL21(DE3), utapata protini ya kutosha. Na hata huko hujaikimbia feji, maana polimeresi (kimeng'enya kinachonakili jeni) inayofanya kazi ni ya feji T7, na jeni yake imewekwa kwenye bakteria kwa kutumia lambda. Kama unatafuta kingamwili au peptidi fupi, nenda kwa M13, feji uzi inayobeba peptidi juu ya ganda lake, ile njia ya George Smith ya 1985 iliyompa Nobeli 2018.

Kwa mazingira yetu lakini kuna raha moja, maktaba ikishakuzwa inakaa kwenye bafa ya SM (maji ya chumvi ya kuhifadhia feji) na matone ya kloroformu kwenye friji ya kawaida nyuzi 4 kwa miaka, umeme ukikatika usiku unalala. Kwaio ukiagiza, hakikisha kibali kipo mkononi kabla mzigo haujapakiwa, mwambie wakala usafirishwe mwanzo wa wiki usije ukalala uwanjani wikendi, na agiza dondoo la ziada, mikono ya vekta itabaki tu.