Kalamu inayosoma kwa sauti ya bibi: uzoefu wangu na vifaa vya Kiswahili kwa mtoto wa lugha mbili

Binti yangu ana miaka minne. Mimi humsemesha Kiswahili, mama yake humsemesha Kiingereza, na tukishatoka nje ya mlango ni Kiingereza mtindo mmoja. Kwa hiyo Kiingereza sikitafutii vifaa. Kinakuja chenyewe, kwa walimu wa chekechea, kwa watoto wenzake, kwa kila kinachowaka na kutoa sauti. Kiswahili ndicho kinachohitaji kushikwa mkono, na hicho ndicho nilichokuwa nikikinunulia na kukipakulia kila nilichokiona. Nimeandika haya kwa mzazi aliye katika hali kama yangu, ajue mapema ni kipi kinachofaa kutolewa fedha.

Mtindo wetu wa kila mzazi na lugha yake si mpya. Mwanaisimu Mfaransa Maurice Grammont ndiye aliyemshauri Jules Ronjat kuutumia, na mwaka 1913 Ronjat akachapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, aliyekuzwa kwa Kifaransa cha baba na Kijerumani cha mama. Watu huukumbuka ushauri huo na kusahau kwamba peke yake hautoshi. Annick De Houwer aliwachunguza watoto wa familia za lugha mbili huko Flanders, Ubelgiji, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007 karibu robo ya watoto hawakuwa wakiizungumza kabisa ile lugha ya wachache, isiyo lugha kuu ya huko, ingawa wazazi waliizungumza nyumbani. Robo nzima! Tangu niliposoma hayo, kila kifaa nakipima kwa jambo moja: je, kinaongeza mazungumzo ya Kiswahili masikioni na kinywani mwa mtoto, au kinampa kazi ya vidole tu?

Nianze na kadi za herufi, maana hizo hazina mengi. Karatasi nene, picha nzuri, kisanduku imara. Lakini aliyezitengeneza alichukua alfabeti ya Kiingereza akabandika maneno ya Kiswahili juu yake. Kulikuwa na kadi ya Q na ya X, herufi ambazo Kiswahili hakizitumii, na hakukuwa na kadi ya ng', ny, sh wala dh. Isitoshe, anayeanza kusoma Kiswahili hafaidiki sana na majina ya herufi. Anafaidika na silabi, ba be bi bo bu, kwa sababu kila irabu ina sauti yake na haigeuki. Akishazishika hizo tano na kuziunganisha na konsonanti, anasoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Kadi za wanyama nimezibakiza, tunazitumia kusimuliana uongo.

Programu ya simu, ile ya kulipia kila mwezi, ndiyo iliyokuja na sifa nyingi zaidi: lugha kadhaa, michezo, nyota za kukusanya, ripoti ya maendeleo kwa barua pepe. Upande wa michezo sina neno. Hakuna matangazo, na mtoto anajua pa kugusa bila kuelekezwa. Upande wa Kiswahili nina maneno mengi.

Ukigusa rangi, sauti inasema "nyekundu". Ukigusa kiti cha rangi hiyo, "nyekundu". Mpira, "nyekundu". Ua, "nyekundu". Haukupita muda binti yangu akaanza kuniambia "kiti nyekundu", naye kabla ya hapo alikuwa akisema "chekundu" bila kufundishwa na mtu. Namba ni vivyo hivyo: watoto wawili, sauti inasema "mbili", vitabu viwili, "mbili", miti miwili, "mbili" tena. Katika kihadithi kimoja msimulizi alisema "paka kubwa imelala". Najua wapo wanaozungumza hivyo kila siku na wanaelewana vizuri, sina ugomvi nao. Lakini kifaa kinachouzwa kwa jina la kufundishia, ambacho kwa mtoto wangu ni sehemu kubwa ya Kiswahili atakachokisikia mbali na kinywa changu, hakina ruhusa hiyo.

Nadhani naijua sababu. Programu za namna hii hujengwa kwa orodha: picha upande mmoja, neno upande wa pili, na lugha mpya ikija inaongezwa safu moja tu kwenye jedwali. Kwa Kiingereza mpango huo unapita, kwa kuwa neno la rangi ni lile lile kwa kiti, mpira au paka. Kiswahili hakikai kwenye orodha. Uti wake wa mgongo ni ngeli, na ngeli haionekani mpaka maneno yapangwe pamoja: kikombe changu kidogo kimeanguka, kile pale, kiokote. Hiyo ki inayopita katika sentensi nzima ndiyo mtoto anayoikamata bila kujua kwamba anaikamata, mradi aisikie mara nyingi, na mradi aisikie ikiwa nzima. Ukimpa majina matupu, hata yawe elfu moja, umempa vitu bila kamba ya kuvifungia.

Kuhusu sehemu ya matamshi, ambapo mtoto anaongea na programu inampima, sitachukua nafasi. Alitamka jina lake mwenyewe akapewa nyota ya kutamka "tembo". Usajili nimeukatisha.

Video nazo zina nafasi yake, ila ndogo. Shirika la Ubongo la Tanzania hutengeneza katuni za watoto kwa Kiswahili kilichotungwa kama Kiswahili tangu mwanzo, si cha kutafsiriwa juu ya midomo ya wanasesere wa watu wengine, na tofauti unaisikia katika sentensi ya kwanza. Tunaangalia pamoja na tunaacha mapema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku ameketi mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Upo pia utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa mwaka 2003 ambao kila mzazi wa lugha mbili angefaa kuujua. Watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi 9 walipewa Kichina cha Mandarini. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwapo walijifunza kuzitofautisha sauti zake. Waliowekewa mambo yale yale kwa video au kwa sauti tupu hawakupata kitu. Binti yangu amewazidi umri wale, na mtoto wa miaka minne anaweza kuokota neno katika video. Hata hivyo, video haimsubiri amalize kusema.

Sasa vitu vinavyonifurahisha. Cha kwanza hakina gharama: maktaba huria za vitabu vya picha. Ninazotumia ni African Storybook, inayoendeshwa na Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015. Vitabu vimepangwa kwa ngazi, kuanzia vyenye neno au sentensi fupi kwa ukurasa hadi hadithi ndefu za kumsomea mtoto. Leseni zake ni za Creative Commons, kwa hiyo unapakua, unachapa, unatafsiri, hata kurekebisha maandishi ni halali mradi umtaje aliyeandika. Kwa kuwa tafsiri hufanywa na watu wengi, kisome kitabu mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mtoto. Kwangu hiyo si kero. Ukiona sentensi inasuasua, unainyoosha, unachapa.

Faida kubwa niliyoipata huko ni kitabu kimoja kuwa na matoleo mawili. Mimi nachapa cha Kiswahili, mke wangu anachapa cha Kiingereza, na kila mmoja anamsomea cha kwake kwa siku tofauti. Mtoto anakuja kwenye lugha ya pili akiwa tayari anajua nini kitampata sungura, basi akili yake haihangaiki na kisa, inashughulika na lugha. Mke wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, amenufaika kuliko alivyokusudia.

Cha pili ndicho kilichonifanya nikae kuandika: kalamu ya sauti. Kwa asiyeijua, ni kalamu nene ya plastiki yenye kamera ndogo kwenye ncha. Vitabu vyake vimechapwa vidoa vidogo mno ambavyo jicho halivitambui. Kamera inavisoma, kalamu inajua imeguswa wapi, inatoa sauti iliyohifadhiwa kwa ajili ya mahali hapo. Nyingi huja na vitabu vya lugha kubwa, na Kiswahili ama hakipo ama kipo kwa kitabu kimoja. Ningekuwa nimeiacha dukani, ila niliyoichukua huja pia na stika tupu. Unagusa stika, unabonyeza kitufe, unaongea. Kuanzia hapo kila stika ile ikiguswa inatoa sauti yako. Unaweza kuibandika popote, hata kwenye kitabu ulichochapa mwenyewe.

Basi nikamtumia mama yangu kurasa za vitabu kwa simu, yeye akanirudishia sauti, ukurasa kwa ukurasa, nami nikazihamishia kwenye kalamu kwa kuicheza simu karibu na maikrofoni. Kazi ya mikono, na sauti haitoki safi sana. Haidhuru. Mama hakusoma maandishi peke yake. Hakuna bibi anayeweza hivyo. Anaanza "Paukwa!" na kunyamaza, na mtoto anaijibu kalamu "Pakawa!" kwa sauti ya juu. Katikati ya ukurasa anauliza, "Haya mjukuu wangu, huyo mbwa amekificha wapi kiatu cha watu?" Ananyamaza tena. Binti yangu anatafuta, anaonyesha kwa kidole, anasema: "Amekificha chini ya kitanda, bibi." Amekificha. Ile ki iliyopotea kwa programu ya nyota imerudi kwa njia hiyo, bila mtu kumsahihisha.

Pia imetupa la kuzungumza wanapopigiana simu ya video. Zamani yalikuwa maswali ya hujambo na umekula nini, kisha mtoto anakimbia. Sasa wanabishana kuhusu mbwa.

Kasoro zipo. Spika ni dogo na chumba chenye kelele hulimeza. Kitufe cha kurekodi kiko mahali ambapo kidole cha mtoto kinafika, na hadithi moja ya mama imefutwa kwa namna hiyo, ikabaki sauti ya mtu anayepumua. Kama ya kwako ina swichi ya kufunga kurekodi, ifunge. Kama inaunganishwa na kompyuta, hifadhi nakala ya sauti zote mara tu unapomaliza. Na usitegemee kwamba kalamu itamkalisha mtoto peke yake huku wewe unafanya kazi zako. Akiachwa nayo anagonga stika zote mfululizo ili asikie bibi akikatishwa maneno, jambo analoliona la kuchekesha sana.

Nani asiinunue? Mwenye bibi, babu au shangazi nyumba moja na mtoto haihitaji. Mtu aliyekuwapo ni bora, na vitabu vya bure vinamtosha. Wala asiinunue anayetafuta kitu kilichokwisha kutayarishwa kwa Kiswahili, maana atakutana na utupu. Inamfaa aliye mbali na jamaa zake na aliye tayari kukaa jioni mbili tatu akirekodi.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji mambo mawili: je, stika tupu zinauzwa peke yake, na je, stika za kampuni nyingine zinasomwa na kalamu hiyo? Kwa yangu jibu la swali la pili ni hapana, na karatasi ya stika iliyokuja nayo iliisha haraka kuliko hadithi za mama.