Uzoefu wangu: chombo kinachodhani Congo nzima iko Kinshasa

Kama uko Kinshasa, pita tu, wewe kitakufaa. Kama uko Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kisangani au hata Kananga, kaa hapa kidogo unisikilize, maana bado nina hasira.

Nazungumzia zile huduma za kuunganisha programu bila kuandika msimbo wa kompyuta. Hii tuliyolipia sitaitaja jina, sitaki kuitangaza hata kwa ubaya. Kazi yake ni kusimama katikati. Mtu akichanga kwenye ukurasa wa michango, chombo kinachukua jina lake na barua pepe yake, kinamwandikisha kwenye mkutano wa video, kinamtumia kiungo na saa ya kuingia, na papo hapo kinapiga kengele kwenye skrini yetu: fulani ametoa dola 20. Sisi ni kwaya ya Katuba, hapa Lubumbashi. Upepo ulitung'olea mabati ya ukumbi wa mazoezi, tukaomba ndugu zetu walioko Ubelgiji na Afrika Kusini watusaidie, kisha waingie mtandaoni tuwaimbie. Mimi ni katibu, basi kazi ikaniangukia mimi.

Nisiwe mchoyo: ile kengele ni tamu. Siku ya kujaribu, jina la kwanza lilipotokea kwenye ukuta kwa herufi kubwa, akina mama walipiga vigelegele hadi watoto wa jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mchangaji mwenyewe, huko aliko, alikuwa bado hajaweka simu chini. Kwa wiki nzima nilikuwa nawasifia wenye chombo kwa kila mtu. Ningeandika siku ile, ningewapa nyota zote.

Ikafika Jumapili yenyewe, katikati ya msimu wa mvua. Tulikubaliana 16:00 saa za Lubumbashi. Sare zimepigwa pasi, projekta imeazimwa, papa mwalimu wa kwaya amesimama mbele na fimbo yake. 16:00 nikafungua mkutano. Kwenye ukuta vikatokea visanduku vichache: sisi wenyewe, mjomba mmoja wa Brussels ambaye huwa hasomi barua pepe, anafuata WhatsApp tu, na mtu mwingine aliyezima kamera. Tukangoja. Papa mwalimu akaniangalia. Nikasema koneksheni. Tukaanza kuimba, na huyo mjomba, Mungu ambariki, alipiga makofi peke yake baada ya kila wimbo. Wimbo wa tatu, sauti ya kwanza walikuwa wanaimba huku wanakunja vitambaa vyao.

Saa moja baadaye tumeshafunga nyaya, mvua imeanza, umeme umeondoka, akina mama wamewahi basi ili wakapike bukari, ndipo simu yangu ikaanza kulia bila kupumzika. "Yaya, muko wapi? Tuko ku mulango, mutufungulie!" Watu wamejaa kwenye chumba cha kusubiri, wamevaa vizuri, wengine na watoto mapajani. Nikafungua kwa simu yangu, na mega za intaneti zilizobaki. Waliokuwa bado hawajaondoka ni besi watupu. Tukawaimbia besi tupu, kwa tochi ya simu, na mvua juu ya yale yale mabati mabovu ikitumeza. Dada mmoja aliuliza kwa upole kama kwaya siku hizi ni ya wanaume tu.

Sasa kilichotokea. Congo ina saa mbili. Magharibi wanafuata saa za Kinshasa, sisi wa mashariki tuko mbele kwa saa nzima. Mtoto wa hapa anakua akijua kwamba taarifa ya habari ya 20:00 ya Kinshasa huku inaingia 21:00. Kwenye akaunti yangu nilichagua Lubumbashi. Kwenye mkutano nilichagua Lubumbashi. Lakini ile hatua ya katikati, inayochukua saa kutoka programu moja na kuipeleka nyingine, haikutazama mji, ilitazama nchi. Ikaona Congo, ikabandika Kinshasa. 16:00 yangu ikatoka upande wa pili ikiwa bado inaitwa 16:00, ila ni ya kwao, yaani 17:00 ya huku. Wa Brussels hawakuweza kushtuka, kwa sababu majira yale saa zao zinalingana na za Kinshasa. Wa Johannesburg, ambao saa zao ni sawa na zetu mwaka mzima, kalenda zao ziliwaandikia 17:00 na wakaamini. Na kabla hamjaniuliza kama nilijaribu: nilijaribu. Barua ya majaribio inaonyesha jina na kiungo. Saa haionyeshi.

Haya, hitilafu ni hitilafu, programu zinatengenezwa na watu. Kilichonichemsha ni huduma kwa wateja.

Nikawaandikia kwa Kifaransa kizuri, na picha za skrini. Akajibu mtu, au kitu, sijui. Akasema amekagua, hakuna kosa: nchi yangu ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kwa hiyo saa zangu ni za Kinshasa. Nikamweleza kwamba nchi hii ina saa mbili, na kwamba mimi niko Lubumbashi. Akaniuliza kama niko safarini. Safarini! Nimezaliwa Lubumbashi, napika, nalala, nazeeka Lubumbashi, na mtu ananiuliza nitarudi lini nyumbani Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Nikamwambia fungua hata ile orodha ya saa za dunia ambayo kompyuta zote zinaitumia, utakuta humo Africa/Kinshasa na utakuta Africa/Lubumbashi, majina mawili, na chombo chenu chenyewe ndicho kilichonipa hilo la pili nilichague. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Kisha akafunga ombi na alama ya kijani: limetatuliwa. Dakika chache baadaye ikaja barua ya kuniuliza nimeridhika kiasi gani, na visura vya kuchagua.

Nilichagua kile kisura chekundu. Hakikuniuliza kwa nini.

Kuna jambo jingine, nilitaka kuliacha lakini ngoja niliseme. Wanalipisha kwa kuhesabu hatua. Mchango mmoja wa dola 5 unakula hatua tatu: kuandikisha, kutuma barua, kupiga kengele. Nilipolazimika kuwaandikisha watu wote upya kwa saa iliyo sawa, zilihesabiwa upya zote. Kosa ni lao, mita inasoma kwangu. Na ile kengele niliyoisifia inamjua tu mwenye kadi. Watu wa hapa Katuba waliotuma faranga zao kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, haiwaoni kabisa. Mama mweka hazina ndiye aliyekuwa anasoma SMS kwenye simu yake na kusimama kutaja majina. Hakukosea hata moja, wala hakuchelewa.

Dawa tuliipata kwa kijana wetu mmoja aliyeko Johannesburg, si kwao. Njia ya kwanza ni kuandika saa na mkia wake, 16:00+02:00, yaani saa mbili mbele ya saa ya dunia (UTC), ili chombo kisipate nafasi ya kubuni. Ikikataa, na kwenye baadhi ya hatua inakataa, badilisha nchi ya akaunti uweke Afrika Kusini. Tumeweka Afrika Kusini. Saa zimekaa sawa. Kwa hiyo sasa, ili chombo kikubali kwamba tuko Lubumbashi, imebidi tukidanganye kwamba tuko Johannesburg, na kila risiti inakuja na anwani ya nchi ambayo wengi wetu hatujawahi kuikanyaga. Papa mwalimu alicheka sana. Mimi bado sijacheka.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu, kwa ajili ya kengele. Nikafika kwenye "uko safarini?" nikazipunguza. Tuseme moja. Mbili, kwa heshima ya vile vigelegele vya siku ya kwanza, lakini msiziamini sana. Mwezi huu bado tunawalipa, maana mabati hayajatimia na ukurasa wa michango umeshaunganishwa na chombo chao. Kijana wa Johannesburg anatutengenezea njia nyingine. Ikiwa tayari, nitafuta akaunti ile siku hiyo hiyo, saa za Lubumbashi.