Mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri: uzoefu wa kikundi chetu cha dagaa

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi, tunaanika dagaa wa Ziwa Victoria kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) upande wa Igombe, Mwanza. Mwishoni mwa 2024 tulipata mkopo wa halmashauri, na kila nikipeleka mzigo soko la Mwaloni Kirumba naulizwa "mlipitaje?" Basi naandika mara moja nipumzike.

Huu ni mkopo, siyo ruzuku. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudishwa wote. Wapo walioula wakisema hela ya serikali haina mwenyewe, na madeni hayo ni sehemu ya sababu mikopo ikasimamishwa Aprili 2023 hadi iliporejea 2024 na utaratibu mkali zaidi. Huo ukali tuliukuta sisi. Na ukiwa na asasi ya hisani, usipoteze nauli: wenzetu wanaolea yatima walirudishwa mlangoni kwa sababu wanaotakiwa ni wenye mradi wa kuingiza kipato.

Kilichotutesa ni makaratasi. Katiba ya kikundi tulinunua steshenari kwa elfu kumi na tano, kijana akabadilisha jina la kikundi tu, tukasaini kurasa zote bila kusoma. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akafungua, akatusomea kwa sauti: "Kikundi kitajishughulisha na ushonaji wa sare za shule." Tulicheka siku hiyo, ila ilibidi tuitishe kikao upya, tuandike muhtasari na kusaini tena. Safari hii tuliiandika wenyewe, na ile ibara ya mwanachama anayechelewa kulipa ndiyo iliyochukua jioni nzima, karibu tugombane.

Halafu likaja la jina. Mwenyekiti wetu ana jina la Kisukuma lenye ng', kama tulivyo wengi huku. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kina kile kialama cha juu, akaunti ya benki haina. Mfumo ukakataa. Wiki tatu! Benki wanasema nendeni halmashauri, halmashauri wanasema nendeni benki, na nauli tunachangishana. Mwisho mhudumu mmoja wa benki alirekebisha kwa dakika kumi. Kwa hiyo kabla hamjajaza chochote, wekeni vitambulisho vyote mezani mlinganishe herufi kwa herufi na daftari la benki.

Tuliomba milioni 12, tukapewa 6. Niliumia, sasa nashukuru. Tulijenga vichanja vya mirunda na nyavu, tukanunua maturubai, iliyobaki ikawa mtaji wa kununulia dagaa mbichi mitumbwi inapoingia alfajiri. Zamani tulianika mchangani. Dagaa wa mchangani mnunuzi anamtafuna mmoja, anatema, anakutajia bei ya chakula cha kuku. Wa kichanjani anakauka juu na chini, mweupe, hana changarawe, na mvua ikitishia unavuta turubai badala ya kukimbizana na ufagio. Tofauti ya bei hiyo ndiyo iliyolipa deni, sina siri nyingine.

Marejesho yalikuwa laki tano kwa mwezi, elfu hamsini kila mmoja, baada ya miezi mitatu ya kujipanga. Tarehe ya mwisho ni 15. Aliyepanga hiyo tarehe hajui ziwa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, kama siku kumi hivi mitumbwi iko nchi kavu na sisi tumekaa. Rejesho la kwanza lilitukuta katikati ya mbalamwezi. Na kwa kuwa mwezi wa angani unarudi nyuma kama siku moja tu kila mwezi wa kalenda, ikishakugonga inakugonga mfululizo. Ilitugonga mara nne. Mara ya pili wawili wetu walikwenda kukopa kausha damu ili wamalize fungu lao, yaani wakachukua mkopo wa riba kulipa mkopo usio na riba. Niliomba tarehe isogezwe, nikajibiwa mkataba ni mkataba.

Tukajiongeza. Kila siku ya giza, kabla mtu hajabeba hela kwenda nyumbani, nakata elfu nne nne palepale mwaloni, na kila Jumamosi naingiza kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Risiti nazibandika kwenye daftari na wote wanaziona. Kuanzia hapo hatukuchelewa tena, na la mwisho tulilipa Machi 2026.

Nyota ngapi kati ya tano? Ningewapa halmashauri nne kwa fedha yenyewe na mbili kwa mzunguko wa kuipata. Mafunzo ya siku moja tuliyopewa kabla ya kusaini yalikuwa mazuri, hasa ya kutunza kumbukumbu, ila siku moja kwa watu ambao nusu yao hawajawahi kushika daftari la hesabu ni kidogo mno.

Tumeomba tena, milioni 8, marejesho tunatarajia yaanze Agosti. Nimeshaangalia kalenda: tarehe 15 safari hii inaangukia giza. Mbalamwezi itaikuta kwenye rejesho la nane au la tisa.