Garaji ya Kadutu iliyokataa kunifungia turbo kabla ya kupima injini

Kwa miaka mingi nimepanda mlima wa Ngomo kwa Land Cruiser yangu, nikitoka Kamanyola kwenda Bukavu, mashariki mwa Kongo, na magunia ya mchele, na kila mwaka mwendo ulizidi kupungua hadi nikawa napanda kwa gia ya pili tu. Injini yake ni 1HZ ya mazuti (dizeli), lita 4.2, silinda sita, ambayo Toyota iliitoa kiwandani bila turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Bukavu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa yetu ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza huku karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Kwa hiyo nilinunua turbo na kuipeleka kwenye garaji ndogo ya Kadutu, hapa Bukavu, nikitaka ifungwe wiki hiyohiyo.

Fundi mkuu alikataa hata kuifungua. Aliwasha injini, akatoa kifuniko cha kujazia mafuta ya injini, akalaza kitambaa juu ya tundu. Kitambaa kikawa kinarukaruka huku moshi wa kijivu ukitoka kwa mapigo. "Papa, hii motere inapumulia pasipofaa," aliniambia, yaani gesi ilikuwa ikivuja kupita pistoni. Kisha akapima mgandamizo, yaani shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni, silinda moja baada ya nyingine: tano zilisoma kati ya baa (kipimo cha shinikizo) 27 na 29, ya nne ikaishia 20. Alinieleza kwamba kwenye mwinuko wetu namba zote hushuka, hivyo la kuangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda. Aliposukuma hewa ndani ya silinda ya nne, pistoni ikiwa juu kabisa, tuliisikia ikivuma kwenye tundu la mafuta, si kwenye ekzosi wala kwenye radieta, yaani ringi, zile pete za pistoni zinazozuia gesi isipite, ndizo zilizokwisha.

Hapo ndipo nilipoelewa hatari niliyokuwa naikimbilia. Turbo ingeongeza shinikizo lilelile linalovuja. Gesi ingejaa sehemu ya chini ya injini, na kwa kuwa mafuta yanayolainisha turbo hurudi huko kwa uzito wake tu, yangezuiwa njiani, yavuje kwenye sili (vizuizi vya mafuta) za turbo na kuingia katika njia ya hewa. Injini ya mazuti inaweza kuyachoma mafuta hayo na kuendelea kukimbia hata baada ya kuzimwa. Niliwaza jambo hilo likinipata katika kona za Ngomo, nikakubali injini ifunguliwe.

Silinda ilipokuwa wazi, ukucha wangu ulikwama kwenye ukingo uliochimbika pale ringi ya juu inapogeukia. Silinda yenyewe ilikuwa imelika, hivyo kubadilisha ringi peke yake kusingefaa kitu. Silinda zilichongwa, zikawekewa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.50.

Nina malalamiko mawili. Niliahidiwa siku 10, kazi ikachukua 26, na vipimo vya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) nilipewa kwa mdomo tu, ilhali mteja anayelipa dola 1,400 anastahili kuvipata kwenye karatasi. Hata hivyo nitarudi kwao, kwa sababu wangeweza kuchukua fedha yangu ya kufunga turbo siku ile ya kwanza lakini hawakuichukua.

Turbo bado imo ndani ya sanduku nyumbani, midomo yake imezibwa kwa kitambaa safi. Injini ikitimiza kilomita 2,000 tutabadilisha mafuta, tupime tena silinda zote sita, kisha ifungwe kwa shinikizo lisilozidi nusu baa.