Mkahawa wa ndondi za zamani Malindi: mpokonyeni mwenyewe rimoti

Hasira hazijanitoka, kwa hiyo mtanisamehe. Kuna mkahawa hapa Malindi, upande wa Shela, ambao baada ya Isha mwenyewe huwasha runinga akaonyesha mapigano ya kale ya uzani wa juu, kisha watu wakabishana: fulani wa enzi zake angekutana na fulani wa enzi zake, nani angelala chini? Jina silitaji, wenyeji mnapajua.

Viazi karai vyake havina mfano. Hilo nalisema mapema nisije nikaitwa mnafiki.

Usiku ule ubishi ulikuwa Muhammad Ali na Mike Tyson. Mwenyewe ni mtu wa Tyson kufa kupona. Akatuwekea Tyson wa Novemba 1986, kijana wa miaka 20, anamwangusha Trevor Berbick raundi ya pili, jamaa anainuka, anapepesuka, anaanguka tena. Sawa, hata mimi nilipiga makofi. Zamu ya Ali ilipofika, bwana huyu akatuwekea lipi? La Larry Holmes, Oktoba 1980! Ali ana miaka 38, miguu imekwisha, anapigwa tu mpaka kona yake ikasema basi baada ya raundi ya kumi. Eti huyo ndiye Ali wa enzi zake. Wallahi niliona kama nimetukaniwa mzazi.

Nikamwambia kwa adabu, "Ami, tuwekee lile la Houston 1966, na Cleveland Williams, ili tulinganishe kwa haki." Ali yule alikuwa na miaka 24, bado hajavuliwa ubingwa kwa kukataa vita vya Vietnam. Ngumi za Williams zilikuwa zinapiga upepo, na hata raundi tatu hazikutimia. Mwenyewe hakunitazama. "Rimoti yangu, umeme wangu. Kama hutaki, lipa chai yako utoke."

Mbele ya watu! Mbele ya vijana wanaoniamkia shikamoo njiani!

Nikamjibu, basi tuwekee Tokyo, Februari 1990. Hapo ndipo akawaka. Maana Tyson alipolazwa na Buster Douglas raundi ya kumi alikuwa na miaka 23, si mzee, na Douglas alimfanyia yale yale ambayo Ali angemfanyia: mkono mrefu, jebu la uso kila akitaka kuingia ndani. Oh, Douglas naye aliangushwa raundi ya nane, oh, mwamuzi alihesabu polepole. Nani kamuuliza? Akazima runinga, tukabaki na kioo cheusi na chai ambayo, nikifikiria sasa, ilikuwa maji matupu na tangawizi ya jana.

Kusema kweli, Tyson yule wa 1986 angemsumbua Ali raundi za mwanzo. Konde la kushoto la Henry Cooper lilimkalisha chini London 1963, na la Joe Frazier vilevile New York 1971. Ningeyasema haya pale pale lau ningeachwa nimalize. Lakini akishindwa kummaliza mapema? George Foreman aliingia ulingoni Kinshasa 1974 hajawahi kupigwa na mtu, akapiga mikono na mbavu za Ali mpaka akachoka mwenyewe, raundi ya nane akalala. Na Foreman yule, kwangu mimi, ni mzito kuliko Tyson yeyote.

Kwa hiyo msiende. Au nendeni siku ambazo mwenyewe hayupo, mpwa wake ana heshima na huweka pambano unaloomba. Nilikusudia nyota moja, ile ya viazi. Haya, mbili, kwa ajili ya kijana.

Nasikia safari ijayo ni Frazier na Foreman, Kingston 1973, lile la kuangushwa mara sita. Nitakwenda, lakini nitasimama mlangoni, shilingi yangu haioni tena. Labda ya viazi tu.