Meza ndogo ya plazma ya CNC: kabla ya ukubwa, tazama tochi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena karakana. Hiyo ngurumo mnayoisikia nyuma ni kompresa inajaza mtungi, itanyamaza sasa hivi. Leo tunazungumzia meza hii hapa ya CNC, yaani kompyuta ndiyo inayoongoza tochi ya plazma kukata chuma. Nimeahidi siku nyingi kuizungumzia, na sikutaka kufungua mdomo kabla sijaitumia vya kutosha. Huu ni mwaka wa pili niko nayo hapa nyumbani Dar. Sina kiwanda. Jioni nikitoka kazini, na Jumamosi, nakata maua ya mageti, vibao vya majina ya nyumba, mabano ya rafu, na majiko ya kuchomea mishikaki ambayo jirani zangu wameyazoea.

Swali la kwanza la karibu kila mtu ni hili: inaingiza shiti nzima? Haiingizi. Shiti zetu ni futi 4 kwa 8, na hii inakata futi 2 kwa 2 tu. Hata kule Marekani, meza ya CrossFire ya msingi ya kampuni ya Langmuir Systems iko karibu na ukubwa huo huo, na kaka yake CrossFire PRO anafika takribani inchi 33 kwa 48. Kwa mtu wa kazi za nyumbani futi 2 zinatosha. Shiti unaigawa kwa grainda, unapandisha kipande kimoja kimoja. Sijawahi kukosa kazi kwa sababu ya udogo wa meza. Nimeharibu kazi kwa sababu ya tochi, tena nyingi, na hapo ndipo nataka tukae.

Sogeza kamera hapa chini. Mnaiona ncha ya tochi? Kwa mashine ya ampea 45, wakati wa kukata ncha hii inatakiwa ielee karibu milimita 1.5 juu ya chuma. Chukua kadi mbili za benki uzilaze moja juu ya nyingine: ndiyo nafasi yenyewe. Wakati wa kutoboa tu ndipo inapanda, karibu milimita 4, ili chuma kilichoyeyuka kisirukie nozeli, ile ncha yenye tundu la kutolea moto, kisha inashuka na kuanza mwendo.

Sasa chukua shiti nyembamba, ya geji 18. Ikipata moto inajikunja, katikati inavimba kama chapati kwenye kikaango. Umeanza na milimita 1.5, ukifika upande wa pili shiti imepanda inagusa tochi, au imeshuka na moto unatawanyika, chini panabaki slagi, chuma kilichoyeyuka kikagandia, ya kukwangua kwa tindo. Meza isiyojua kupandisha na kushusha tochi yenyewe haitakusaidia hapo hata iwe na reli za dhahabu.

Dawa yake ni kidhibiti cha kimo, sisi tunakiita THC. Kinasoma volti za ule moto. Tochi ikiwa mbali na chuma, volti zinapanda, ikikaribia, zinashuka. Kwa hiyo kinapandisha na kushusha tochi ili volti zibaki palepale, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Ila kina tabia moja mjue. Kwenye kona meza inapunguza mwendo, moto unakula chuma kingi zaidi, volti zinapanda, nacho kinadhani tochi iko juu, basi kinaizamisha. Puu! Nozeli imegonga. Kwa hiyo muuzaji akikuambia THC ipo, muulize swali la pili: inajizima kwenye kona? Akibabaika, mwombe akuoneshe inakata nyota yenye ncha tano.

Mimi yangu ilikuja bila THC. Niliongeza baadaye, na ile miezi ya mwanzo nilinunua nozeli kama mtu anayenunua vocha.

Jambo la pili ni mashine ya plazma yenyewe, kwa sababu mara nyingi meza inauzwa peke yake. Wengi tunakimbilia mashine ya bei nafuu, mimi nilifanya hivyo. Nyingi za bei ya chini zinawasha moto kwa cheche za masafa ya juu. Ukiishika kwa mkono inakata vizuri kabisa. Ukiifunga kwenye meza ya kompyuta, zile cheche zinaingia kwenye kila waya ulio karibu. Siku ya kwanza nilibonyeza kuanza, tochi ikawaka, laptopu ikaganda papo hapo, na mota zikasimama moto ukiwa bado unawaka mahali pamoja. Tundu likawa kubwa kama kizibo cha soda. Nilipigiwa hesabu ya waya za kinga, ya nguzo ya ethi, ya kutenganisha nyaya. Yote nikafanya, ikapungua, haikuisha.

Tafuta mashine inayowasha kwa mguso. Ndani ya tochi elektrodi, kile kipande cha ndani kinachobeba umeme, na nozeli zinaanza zikiwa zimegusana, umeme unapita, kisha hewa inaisukuma elektrodi nyuma na moto unazaliwa katika ule mwachano. Hakuna cheche za kusumbua kompyuta. Mashine ya Powermax45 ya kampuni ya Hypertherm inafanya hivyo, na unaweza kuipata na tundu la kuunganisha CNC linalotoa volti zilizokwisha kugawanywa zikawa ndogo kwa ajili ya THC. Ni ghali, sitawaficha. Zipo za bei ya kati zenye uwashaji huo huo, na kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, nunua meza ndogo zaidi kwanza, mashine usiidharau.

Umeme, haraka haraka. Mashine ya ampea 45 kwenye fezi moja inaweza kuvuta karibu ampea 30 ikikata kwa nguvu zote. Usiichomeke kwenye soketi ya pasi. Mwite fundi umeme akuvutie laini yake na breka yake. Kompresa iwe na laini nyingine.

Na kompresa yenyewe sasa. Ile Powermax45 inataka karibu lita 188 za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya kujazia matairi itakata sentimita chache, itaishiwa pumzi. Lakini ndugu zangu wa pwani, kiasi cha hewa si tatizo letu kubwa. Tatizo letu ni maji. Njooni mwone. Nafungua koki ya chini ya mtungi... mnaona? Hayo maji yote ni ya jioni moja. Hewa ya Dar imelowa, kompresa inaibana, maji yanatoka. Yakifika kwenye tochi, hii hapa ndiyo elektrodi iliyokula maji. Katikati pana punje ndogo ya metali iitwayo hafniamu, ndiyo inayobeba moto. Shimo lake likifika kina cha milimita 1.6 elektrodi hiyo ni ya kutupa. Hii imefika kabla sijamaliza geti moja.

Nilichofanya: bomba refu la chuma limezunguka ukuta kama nyoka ili hewa ipoe, chini nimeweka koki ya kutolea maji, halafu chujio, halafu chupa ya vidonge vya silika vinavyobadilika rangi vikishiba. Vikishiba navikausha kwenye oveni kwa moto mdogo. Tangu hapo elektrodi moja inanipeleka wiki kadhaa.

Chini ya meza nina trei ya maji, inameza moshi na cheche. Ukimaliza wiki imwage au ifunike, mbu wanaipenda kuliko wewe. Ukikata alumini juu ya maji usiache masalia yake yalale humo, yanatoa haidrojeni, nayo inalipuka. Na bati la zinki sikati ndani kabisa, moshi wake unaleta homa.

Michoro natengeneza kwa programu ya Inkscape, napeleka kwenye SheetCAM, programu inayoigeuza kuwa njia ya kufuatwa na tochi. Neno KARIBU, kibao kinachopendwa kuliko vyote, lina A, R na B. Herufi hizo zina matumbo, na usipoyaachia vidaraja vya chuma matumbo hayo yanadondoka kwenye maji. Pia moto wa plazma unazunguka, kwa hiyo upande wa kulia wa mwendo ndio unaotoka wima na safi. Mzunguko wa nje kata kwa mwendo wa saa, matundu ya ndani kinyume chake. Wanaosahau hili wanailaumu meza bure.

Kwa hiyo ukienda kuitazama meza kabla ya kulipa, nenda na kipande chako cha geji 16, futi moja kwa futi moja, ukikunje kidogo kwa goti kabla hujaingia dukani. Mwambie akate humo mraba wa sentimita 10 wenye tundu la duara katikati. Geuza utazame slagi chini. Pitisha kidole kwenye pembe zote nne kikishapoa. Kisha mwambie akate tena, palepale pembeni, bila kugusa chochote, uilaze miraba hiyo miwili pamoja uone kama inalingana.